Jiko la Orodha Ndefu: Uchambuzi wa Chakula cha Jioni Nyakabiga

Chakula duni kinachouzwa kwa bei ndogo hakina haja ya kuchambuliwa, maana muuzaji na mnunuzi wamekwisha kuelewana tangu mwanzo. Lakini chakula kinachouzwa kwa thamani kubwa, katika mji ulio kandokando ya ziwa lenye samaki azizi na chini ya milima inayoteremsha maharagwe, ndizi na mbuzi kila uchao, kikamfikia mlaji kikiwa kimepoteza ladha na umbo la asili yake, ni jambo linalostahili kuulizwa kwa utaratibu: lilifanyikaje, tangu kitu kilipokuwa kibichi hata kilipowekwa mezani? Swali hilo ndilo nitakalolifuata hapa, wala sitalifuata kwa ghadhabu, kwa sababu ghadhabu ya mlaji humtoka akilala, ilhali kosa la jiko hubaki pale pale likimngoja mlaji wa kesho.

Mkahawa wenyewe sitautaja jina, kwa kuwa taksiri zake ni za mikahawa mingi ya namna yake, na si haki kumtwika mmoja mzigo wa jamaa nzima. Umo Nyakabiga, mjini Bujumbura, katika mojawapo ya zile avenyu zinazoitwa kwa nambari, upande wa Mutanga, kilipo Chuo Kikuu cha Burundi kilichoasisiwa mwaka 1964, na ambako wanafunzi waliopanga vyumba mitaani wamezoea kula katika kabare, yaani baa ndogo za mtaani, na vibanda vyenye meza mbili tatu, jiko la makaa mlangoni na kreti za bia ya Primus zilizopangwa kivulini. Wenye mkahawa huu waliipenda sura hiyo ya kabare wakaichukua: mabenchi ya mbao yasiyo na vitambaa, ua ulio wazi, taa ndogo ndogo zilizotundikwa mitini, jiko la kuchomea linaloonekana na wateja. Kisha wakaweka bei ambayo, kwa mukeke mmoja wa kuchoma, ilikuwa yapata mara tatu ya ile inayolipwa katika kabare ya avenyu ya jirani. Kwa bei hiyo peke yake siwalaumu. Mji huu katika miaka ya karibuni umeishi na uhaba wa petroli, umeme hukatika, jenereta hunywa mafuta yasiyopatikana kwa urahisi, na mtu anayelipa pango, mishahara na kila kitu kitokacho nje ya nchi ana haki ya kupandisha bei yake. Ninachotaka kukipima ni kitu kingine: je, kile kilichoongezwa katika bei kiliongezwa pia katika kazi ya jiko?

Na tuanze na mukeke, kwa kuwa ndiye awavutaye watu. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Lates stappersii na ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, hana asili katika ziwa jingine lolote duniani ila Tanganyika. Ni wa jamaa moja na sangala wetu, na pia na sangara wa Ziwa Viktoria, ila ni mwembamba na mdogo kuliko hao, na maisha yake ni kuwafukuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, katika maji yaliyo mbali na ufuko. Wavuvi huwasha taa usiku, ndagala hukusanyika kwenye mwanga, mukeke huwafuata ndagala, na wavu huwapandisha wote pamoja. Kwa hiyo samaki hufika nchi kavu alfajiri, akiwa ametoka majini kwa saa chache tu. Mpishi wa kabare humnunua asubuhi hiyo hiyo, humtoa matumbo, humlaza juu ya barafu ya kununua, na jioni humchanja ubavuni mara tatu nne ili joto lipenye penye nyama nene, humtia chumvi na ndimu, humfuta maji hata ngozi ikauke, humpaka mafuta kidogo, kisha humweka juu ya makaa yaliyokwisha kuiva, yaani yaliyofunikwa na majivu meupe na yasiyotoa tena ulimi wa moto wala moshi. Hana friza, na kwa kuwa hana mahali pa kumlimbikiza samaki, hununua wale wachache anaojua kwamba watakwisha. Umaskini huo wa vyombo ndio usalama wa mlaji wake.

Mukeke aliyeletwa mbele yetu, mimi na sahibu yangu mmoja, alikuwa mkubwa wa kutosha, na kwa mbali alipendeza, akiwa amefunikwa vitunguu na nyanya. Nilipouondoa mchuzi huo kwa uma niliona ngozi imechanika vipande vipande, sehemu yake imebaki kwenye waya wa kuchomea, na iliyosalia ina weusi wa masizi mahali pa wekundu wa kuiva. Nyama ya mkiani ilikuwa kavu na yenye nyuzi. Nyama ya karibu na uti wa mgongo ilikuwa tepetepe, vuguvugu, ikiung'ang'ania mfupa. Na chini ya samaki palikuwa na maji ya kijivujivu yaliyochuruzika taratibu hata yakazifikia ndizi zilizo upande wa pili wa sahani. Mtu akiambiwa kwamba samaki mmoja amekuwa mkavu na wa majimaji kwa wakati mmoja, aweza kudhani kuwa msemaji anajipinga mwenyewe. Lakini nakisi hizo mbili zina mzazi mmoja, naye ni mgando wa polepole.

Nyama ya samaki ni maji kwa sehemu kubwa, yapata robo tatu ya uzito wake na wakati mwingine zaidi, na maji hayo yamefungiwa ndani ya seli zake. Samaki akigandishwa upesi, katika mitambo ya viwandani yenye baridi kali, chembe za barafu huwa nyingi na ndogo, na madhara yake kwa nyama huwa machache. Bali akitiwa katika friza ya kawaida, pamoja na kuku na mifuko ya viazi, hukaa saa nyingi katika ile baridi ya kati ya nyuzi 1 na nyuzi 5 chini ya sifuri, ambamo barafu huumbika taratibu, na chembe zake hunenepa zikatoboa kuta za seli. Umeme ukikatika usiku, sehemu ya barafu hiyo huyeyuka, na ukirudi maji yale huganda upya yakijiunga na chembe zilizopo, na kila mara kuzifanya kubwa zaidi. Siku samaki huyo atakapotolewa, maji hayana tena cha kuyashika: humwagika, na nyama iliyoachwa nyuma huwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Hiyo ndiyo asili ya ukavu wa mkia, na hayo ndiyo maji niliyoyaona sahanini.

Hata hivyo friza peke yake haitoshi kuieleza ngozi. Kutoka mahali tulipoketi ua ulionekana vizuri, nami nilimwona kijana wa jikoni akimtoa samaki aliyekaza mithili ya ubao, akimtia katika beseni na kumfungulia bomba, na alipomgusa akaona ameanza kulegea, akamkung'uta maji mara mbili na kumlaza juu ya waya, ilhali makaa yalikuwa bado nusu meusi na yakifuka moshi. Hapo ndipo kazi ilipoharibika kabisa, na yafaa nieleze kwa nini. Wekundu wa nyama ya kuchoma, na ile harufu inayomwamsha mwenye njaa, hutokana na mabadiliko yaliyopewa jina la tabibu na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeyaeleza mwaka 1912: asili za protini na sukari hukutana penye joto, nalo huhitaji kufika yapata nyuzi 140 ili kazi iende kwa kasi, zikazaa rangi na harufu nyingi mno. Maji, kwa upande wake, hayapandi juu ya mchemko wake, na hapa Bujumbura, ambapo ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, mchemko huo huja kabla ya nyuzi 98. Maadamu ngozi imelowa, basi, haiwezi kulipita joto hilo hata uwashe makaa ya mtaa mzima; na kuyageuza maji kuwa mvuke hula joto takribani mara saba ya lile lililotumika kuyatoa kwenye ubaridi wa bomba na kuyafikisha kwenye mchemko. Ngozi ile haikuchomwa. Ilitokoswa kwa maji yake yenyewe juu ya moto wa moshi, ikalainika, ikagandana na waya, na samaki alipogeuzwa ikabaki nyuma, na masizi yakaja kukaa mahali pa rangi. Na wakati huo wote ngozi ikitokota, mkia, ulio mwembamba, ulikuwa umekwisha kuzipita mbali zile nyuzi 60 ambazo nyama ya samaki ikizizidi huanza kuusukuma nje umajimaji wake, huku kwenye uti wa mgongo barafu ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka.

Wapishi wa Mombasa, Lamu na Unguja, ambao samaki wa kupaka ni fahari yao, wanaufahamu utaratibu huu bila kuuita kwa majina ya kemia: samaki huchomwa kwanza hata akauke na kushika rangi, ndipo hupakwa tui zito lenye viungo, akarudishwa motoni, akapakwa tena, na mafuta ya nazi yakawa kinga ya nyama dhidi ya ukali wa makaa. Kupaka hufuata kukauka. Mchuzi wa vitunguu na nyanya uliomwagwa juu ya mukeke wetu haukufuata chochote. Uliwekwa mwishoni juu ya ngozi iliyolowa, ukaongeza maji juu ya maji, na ninaamini uliwekwa kwa wingi ule ili macho yasifike haraka palipochanika.

Burusheti, yaani mishikaki, za mbuzi zilikuwa na kosa la namna nyingine, na kwangu lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa lilikuwa la makusudi. Vipande vilikuwa vikubwa, vilivyokatwa kwa pembe zilizolingana, na kati yake pilipili hoho na vitunguu. Nilipokipasua kimoja kwa kisu nilikuta ndani nyama ya kijivu iliyo sawa kutoka ukingo hata ukingo, na nje utando wa kahawia usiozidi unene wa karatasi. Nyama iliyochomwa tangu ubichini haiwi hivyo: huwa na matabaka, la nje limeiva sana, linalofuata limeiva kiasi, na la katikati lingali na umajimaji wake. Usawa ule wa kijivu ni ushahidi wa sufuria. Nyama ilichemshwa, pengine asubuhi, pengine jana yake, ikawekwa. Na ilipoagizwa ikapitishwa motoni ipate sura. Mpishi alikuwa na hoja yake, nami naikubali kuwa ni hoja: kipande kikubwa cha mbuzi, mnyama mwenye mishipa na ngozi ngumu nyingi kati ya misuli ya mapaja na mabega, hakiivi katikati kabla ya nje kuungua, na mteja anayelipa fedha nyingi hapendi kutafuna hata taya zimuume. Lakini mchemsho huo uliondoka na chumvi ya nyama, na mafuta yake, na ile harufu ya mbuzi ambayo ndiyo tuliyoiendea.

Dawa ya ugumu wa mbuzi inajulikana Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi. Mchomaji hukata vipande vidogo, akizikata nyuzi za nyama kwa kuzipinga wala si kwa kuzifuata, kwa sababu uzi mfupi hauna nguvu ya kulishinda jino. Baada ya vipande viwili vitatu vya nyama hupachika kipande cha mafuta, ili kikiyeyuka kiwalainishie jirani zake. Huchoma kwa makaa makali na kugeuza mara kwa mara, na hunyunyiza chumvi wakati nyama inakaribia kuiva. Kipande kidogo, kwa uzito wake, kina eneo kubwa la nje, na ladha ya moto hukaa nje. Mkahawa ulitaka ukubwa kwa kuwa ukubwa huitetea bei. Ukubwa ukadai sufuria. Na sufuria ikaiondoa ladha iliyokuwa ikitetewa.

Maharagwe nitayapitia kwa ufupi. Punje zilikuwa ngumu kwenye moyo ilhali ngozi zimejitenga, dalili ya kutiwa nyanya mapema mno, maana uchachu wa nyanya huikaza ile gundi inayozishikanisha kuta za seli na kuizuia isilegee, na muda wote utakaoongezwa jikoni hautafaa kitu. Mawese, ambayo yakitoka Rumonge huja na wekundu mkali na harufu ya tunda lake, yalikuwa yameunguzwa hata yakapauka. Ndizi zilikaangwa mapema, zikapozwa, zikakaangwa tena katika mafuta yasiyo na joto la kutosha: wanga unapopoa hujipanga upya na kukaza, upesi zaidi ndani ya jokofu, na mafuta yaliyopoa hayawezi kuutoa mvuke kwa nguvu ya kuyazuia yenyewe yasiingie, kwa hiyo tulizipata ngumu ndani na zenye kutiririka mafuta nje, kabla hata ya maji ya samaki kuzifikia.

Katikati ya hayo yote palikuwa na kitu kimoja kisicho na ila, nacho ni ugali wa muhogo. Uliletwa ukifuka mvuke, mweupe, umesongwa hata hauna punje kavu hata moja, unavutika bila kunata vidoleni. Wanga wa muhogo una ile sehemu inayokaza ikipoa kwa kiasi kidogo kuliko wanga wa mahindi, yapata moja kwa sita badala ya yapata robo, na ndiyo maana tonge lake hubaki laini na lenye mvuto. Lakini sifa hiyo haiji ila kwa mkono wenye nguvu, unaoujua wakati wa kuacha kuongeza unga na wakati wa kuendelea kusonga. Aliyeusonga ugali ule ni mpishi stadi. Nalitaja jambo hili si kwa kusawazisha lawama kwa sifa, bali kwa kuwa ndilo lililonifumbulia mambo: katika meza nzima ugali peke yake haukubali kuwekwa. Hakuna mlaji wa Bujumbura atakayeupokea ugali wa jana uliopashwa moto, kwa hiyo ni lazima usongwe saa ile ile unapoagizwa, na kwa kuwa ulisongwa saa ile ile, ulikuwa mzuri. Mikono ya jiko lile haikukosa elimu. Kilichokosekana ni saa.

Na saa ilikosekana kwa sababu ya orodha ya vyakula. Nilipopewa niliiona nene: sangala kwa mchuzi wa krimu, sangala kwa pilipili, mukeke kwa namna kadhaa, kuku wa kukaanga na kuku wa kuchoma, pitsa, makaroni, nyama ya ng'ombe kwa uyoga, saladi za kila jina, kurasa juu ya kurasa. Katika ua palikuwa na wateja wa meza chache, kama ilivyo aghalabu jioni za katikati ya wiki. Wateja wachache wakitawanywa juu ya vyakula vingi, kila chakula humngoja mtu wake siku nyingi, na kitu kibichi hakiwezi kungoja. Basi hugandishwa, huchemshwa kabla, hukaangwa nusu. Kabare yenye vyakula vinne huwapata wateja wale wale wachache, lakini kila chakula huagizwa na watu kadhaa kila jioni, kikaisha, kesho kikanunuliwa kingine. Hata moto ulifuata kanuni hiyo. Makaa ni ghali, na mpishi asiyejua kama jioni hii mtu ataagiza cha kuchoma hathubutu kuyawasha mapema. Huwasha baada ya agizo, kisha njaa ya mteja humharakisha kuweka nyama kabla ya makaa kuiva. Tulingoja zaidi ya saa moja, na mhudumu, kijana mwenye adabu, alitujia kila mara akisema, "Wazee wangu, mvumilie kidogo, chakula kinakuja." Hakuwa akidanganya. Lakini saa ile ilitumika kuyeyusha barafu na kupuliza makaa, na muda uliosalia kwa mapishi yenyewe ulikuwa mchache kuliko unaotolewa na mchomaji wa barabarani ambaye jiko lake linawaka tangu jua halijachwa.

Kwa hiyo fedha iliyoongezwa katika bei ilikwenda kwenye mabenchi, taa, orodha na umeme wa kuzilisha friza zilizoharibu samaki, na yawezekana kabisa kuwa mwenye mkahawa, baada ya kulipa hayo yote, hapati faida kubwa. Ningekuwa na idhini ya kulipanga jiko lile, ningezifuta kurasa zote isipokuwa moja: mukeke wa kuchoma, burusheti za vipande vidogo, maharagwe, ndizi, mboga za sombe au lengalenga, ugali. Makaa yangewashwa saa kumi na moja jioni, awepo mteja au asiwepo. Samaki wangenunuliwa kila asubuhi na kulazwa ndani ya barafu iliyosagwa, ambayo huwaweka karibu na sifuri bila kuwagandisha, na kwa namna hiyo samaki wa maji ya joto hubaki mzuri kwa siku kadhaa akiwa na maji yake yote mwilini.

Litakalomtisha mwenye mkahawa katika mpango huu ni zile siku ambazo samaki hayupo. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hushindwa na nuru ya mwezi, ndagala hutawanyika, na mukeke huwa adimu. Na ziwa lenyewe limechoka, hata Tanzania, mathalani, ikazuia uvuvi katika sehemu yake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wapate kuzaana. Katika siku kama hizo mkahawa huu humtoa samaki wa friza na kumwuza kwa jina na bei ya samaki wa leo. Ningependa mhudumu yule aje mezani aseme kwamba leo hakuna mukeke, wapo ndagala wakavu. Na jikoni ndagala hao wachambuliwe mchanga, waoshwe upesi, wafutwe hata wakauke, watiwe katika mafuta yenye moto wa kweli mpaka watoe sauti ya kukauka, waepuliwe, kisha vitunguu vikaangwe taratibu mpaka viwe vyekundu, pilipili ya mbuzi ifuate, ndagala warudishwe mwishoni kabisa ili wasilowe, na waletwe pamoja na ugali ule ule wa muhogo. Ni kazi ya robo saa, ya mkono ambao jiko lile tayari linao, na kwa kazi hiyo ningelilipa bei ile ile niliyolipa.